Daftari limejaa vema, mwandiko ni wa nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24 na cheti cha ualimu. Wakati nasubiri ajira ya serikali nimepata kazi katika shule moja ya msingi ya binafsi hapa Dar es Salaam. Nakaa darasa la pili na mvulana wa miaka minane mwenye usonji. Wanaonilipa ni wazazi wake, si shule. Shida yangu ni kwamba dogo haandiki mpaka nimshike mkono. Nikienda hata kunywa maji, analia. Akisimama kipindi kikiendelea, mwalimu wa darasa ananiambia, "Mtoto wako huyo." Mama yake anafurahi kwa kuwa daftari linarudi limejaa vema, lakini mimi usiku nawaza: hivi kweli namsaidia? Na nikitaka kazi hii iwe ya maisha, nikasome wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kesho kabla ya kengele fanya jambo moja. Fungua daftari lake la Kiswahili ukurasa wa jana, uliweke kando ya daftari lako wewe. Tazama mkia wa herufi g. Tazama unavyoikata t. Sijaliona hilo daftari, ila nimeona mengi ya namna yake, na naotea utakuta mwandiko ni mmoja. Zile vema za wino mwekundu na lile neno "vizuri sana" umepewa wewe. Umefaulu darasa la pili mara mbili.

Sikusuti. Nilipoanza kazi ya elimu maalumu nilipewa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye mikono ilikuwa inamkimbia kila akitaka kushika kitu. Kila siku saa nne asubuhi nilimnywesha uji kwa kijiko. Nilijiambia ni huruma, na kusema kweli ilikuwa haraka pia: dakika tano kikombe kimeisha, tunarudi darasani. Hivyo hivyo mwaka na zaidi. Nikaugua malaria, nikalala nyumbani siku nne. Niliporudi nilimkuta anakunywa mwenyewe, shati limeloa, meza imeloa, anacheka. Mtoto mmoja wa darasa la tano alikuwa amekunja kitambaa kibichi akakiweka chini ya kikombe kisiteleze, na uji alimtilia nusu tu. Basi, hakuna kingine. Mimi mwenye cheti ukutani sikuwahi kuliwaza hilo, kwa sababu mkono wangu ulishazoea kufika kabla ya wake.

Kwa hiyo hicho unachokiwaza usiku kina msingi. Unalipwa ukae karibu na mtoto, lakini kazi yako inapimwa kwa umbali unaoweza kukaa naye na mambo yakaenda. Siku ya kuajiriwa hakuna anayekwambia hivyo. Wazazi wanataka kukuona umemkumbatia, shule inataka asisumbue, na wewe unataka uonekane unafanya kazi. Wote watatu mnavutia upande mmoja, na upande huo si wa mtoto.

Wenzetu walioanza zamani kuweka wasaidizi madarasani wameyaona haya wakayaandika. Huko Marekani, Michael Giangreco wa Chuo Kikuu cha Vermont na wenzake walikaa madarasani wakitazama, na mwaka 1997 wakachapisha waliyoyakuta. Msaidizi akigandana na mwanafunzi, mwalimu wa darasa huacha kumhesabu kuwa wake, wenzake huacha kumsogelea, na yeye mwenyewe hawezi kuanza jambo bila kumtazama mtu mzima usoni. Mpaka choo kilitajwa: mvulana anapelekwa choo cha wanawake kwa kuwa tu msaidizi wake ni mwanamke. Uingereza nako, kati ya 2003 na 2008, timu ya Peter Blatchford ya London ilifuatilia maendeleo ya wanafunzi wapatao 8,200. Waliopata msaada mwingi zaidi wa wasaidizi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao wa hali kama zao waliopata msaada mchache. Wasaidizi hawakuwa wavivu. Walikuwa wanaingia kipindini bila kujua kinafundishwa nini, hawana dakika ya kuzungumza na mwalimu, wakahangaika kazi iishe kabla ya kengele. Bila shaka unaijua hali hiyo.

Sasa tuje kwenye kiti chako. Hukuniambia unakaa wapi, ila nahisi unakaa ubavuni mwake, bega kwa bega. Sogea. Kiti chako kiwe nyuma yake kidogo, upande wa mkono anaoandikia, mahali ambapo akiinua macho anaona ubao na mwalimu, si uso wako. Ubavuni pake akae mwanafunzi mwenzake, mtulivu lakini si bubu. Darasa la pili halikosi mtoto anayependa kuazima ufutio na kurudisha. Huyo ndiye.

Mkono wako unaondoka ngazi kwa ngazi. Leo umeshika kiganja chake chote. Ukianza kupunguza, shika kifundo cha mkono. Akizoea, gusa kiwiko tu. Kisha bega. Kisha usimguse kabisa, onyesha kwa kidole mstari unapoanzia. Kisha usifanye lolote, subiri. Ngazi moja inaweza kuchukua siku tatu au wiki tatu, na zipo siku atarudi nyuma kwa sababu alilala vibaya au umeme ulikatika nyumbani usiku kucha. Siku hiyo rudi naye ngazi moja, kesho endelea tena.

Kwenye kusubiri ndipo wengi tunashindwa. Ukishamwambia jambo, hesabu moja mpaka kumi kimoyomoyo kabla hujasema tena. Utaona kumi ni ndefu kama foleni ya Mbagala jioni. Watoto wengi wenye usonji wanahitaji muda huo ili maneno yafike yanakokwenda. Ukiyarudia kwenye sekunde ya tatu, unamwanzishia safari upya. Halafu punguza maneno. Watu hudhani ukiacha kushika ukabaki unasema "andika, haya andika, endelea, vizuri, endelea" umemwachia huru, kumbe sauti ni kamba ngumu kuiondoa kuliko mkono. Nimewaona watoto wa darasa la saba ambao hawavuki kutoka neno moja kwenda lingine bila mtu kusema "endelea".

Na kwa kuwa shule yenu, nadhani, inafundisha kwa Kiingereza na nyumbani kwao ni Kiswahili, kubalianeni na mama yake neno moja kwa jambo moja. Yeye anasikia "kaa", "keti", "sit down" na "hebu tulia jamani" kuwa amri nne.

Penseli nayo itazame. Chukua soli ya kandambili iliyochakaa, kata kipande cha ukubwa wa kidole gumba, toboa katikati, pitisha penseli. Kipande hicho kinamfaa mtoto mwenye vidole dhaifu, na hakina bei. Mistari kumi ya mwandiko ifanye mitatu. Omba ruhusa ya mwalimu kwanza. Mistari mitatu yake ina thamani kuliko kumi yako.

Daftari litachafuka, na hilo lazima mama yake alijue kabla halijamfikia. Mwambie ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu: "Mama, kuanzia wiki ijayo utaona mwandiko mbaya. Huo ndio wake." Mwonyeshe na alama utakazotumia pembeni ya ukurasa, herufi ndogo tu: M kwa alichofanya mwenyewe, S kwa alichosaidiwa. Mwalimu naye azijue, asije akatoa vema kwa S. Baada ya mwezi mama hataangalia vema tena, atakuwa anahesabu M. Nimeona baba mmoja akitoa machozi kwa ajili ya herufi "a" iliyopinda kama ndoano, ila ilikuwa M.

Kuhusu kulia ukiondoka: usimtoroke. Wengi wanasubiri akitazama pembeni ndipo wanachomoka, na matokeo yake mtoto anakaa macho kodo siku nzima akikulinda. Muage. Tengeneza kadi ya boksi yenye picha ya kikombe cha maji, mpe aishike, sema "nakunywa maji, narudi", toka mlangoni, hesabu sekunde ishirini, rudi kabla hajalia, chukua kadi yako. Kesho sekunde arobaini. Ukirudi ameshaanza kulia, ujue umekwenda mbali mno, punguza. Kwa kadi hizo hizo mtengenezee ratiba ya siku: daftari, uji, choo, bembea, basi, zimebanwa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba, na kila jambo likiisha yeye mwenyewe anaitoa kadi yake. Kinachomtisha mara nyingi ni kutojua kinachofuata, na kadi zinampa jibu.

Nije kwa mwalimu wa darasa. "Mtoto wako huyo." Nalijua hilo neno, nimelisikia kwa lafudhi zote za nchi hii. Jina la mtoto liko kwenye rejista ya nani? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma shule ya kawaida, iwe ya umma au ya binafsi, na anayekaa darasani lazima awe na mwalimu. Lakini usiende ofisini na sheria mkononi, mwanangu. Wewe ni mdogo kwake, shule haikulipi, na huenda ana watoto arobaini na hajawahi kufundishwa hata siku moja kuhusu usonji. Ananong'ona kwa ukali kwa sababu anaogopa. Mwombe dakika kumi kila Ijumaa baada ya watoto kupanda basi, na umuulize swali moja: wiki ijayo unafundisha nini? Halafu umwombe mambo mawili madogo. Asubuhi amsalimie dogo kwa jina, yeye, si kupitia kwako. Na kila kipindi amwulize swali moja ambalo anaweza kulijibu kwa kuonyesha kadi au kidole.

Na wewe umpe kitu. Mwambie, "Mwalimu, ukikaa naye dakika tano, mimi nitazunguka nisahihishe hesabu za wengine." Hakuna mwalimu wa darasa la pili anayekataa mikono miwili ya bure. Hapo mambo mawili yatatokea kwa pamoja: mwalimu atamfahamu mwanafunzi wake, na watoto wengine wataacha kukuita dada wa fulani. Utakuwa mwalimu wao.

Hapa niseme kidogo kuhusu mwajiri wako. Mkataba wa mdomo na wazazi hautoshi. Kaeni watu watatu, wazazi, shule na wewe, mwandike hata ukurasa mmoja: saa za kazi, darasani unapokea maagizo ya nani, mtoto akiugua nani anapigiwa simu, usipokuja nani anakaa naye. Usipoandika hivyo, ikifika Machi utajikuta unafua sare na kubeba begi. Begi abebe mwenyewe, hata akiliburuza. Kila jioni andika mistari mitatu kwenye daftari la mawasiliano: alichofanya peke yake, kilichomshinda, alichokula. Habari za watoto wengine usiandike kamwe. Picha zake usiziweke stetasi hata kama amependeza namna gani. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, habari za afya na ulemavu wa mtu si za kuchezewa.

Choo. Ana miaka minane, ni mvulana, aende choo cha wavulana. Kama anahitaji msaada wa mkono, shule itafute mwalimu wa kiume au patroni aliyekubaliwa na wazazi, na ijulikane ni nani na saa ngapi. Kama anahitaji kukumbushwa tu, simama nje ya mlango umwelekeze kwa sauti: vua, kaa, jisafishe, vaa, nawa. Afunge mlango. Mtoto anayevuliwa na kila mtu mzima bila kuulizwa hawezi kujua siku ambayo mtu mbaya amemvua. Watoto wetu hawa ndio wanaoumizwa sana, na wengi hawana maneno ya kusema. Mfundishe "hapana", na akikwambia "hapana" wewe, kwa jambo dogo la kila siku, iheshimu ili aone inafanya kazi.

Siku atakapopiga kelele au kuuma, na itafika, usitafute jina la tabia yake. Tafuta saa. Nilikuwa na binti aliyekuwa anauma watu karibu kila siku kabla ya uji. Tukasema ana njaa, tukampa kipande cha mkate mapema, akala, akauma. Nikaanza kuandika: saa, kilichotokea kabla, alichofanya, kilichofuata. Wiki ya pili karatasi ikasema yenyewe. Kengele yetu ilikuwa rimu la gari, imening'inizwa nje ya dirisha lake, na alikuwa anaanza kuziba masikio dakika kadhaa kabla haijapigwa. Alishajifunza kuingoja. Tukawa tunamtoa mapema, tunamwonyesha kadi, tunakwenda naye upande wa bustani. Kuuma hakukwisha kabisa, lakini kulipungua kiasi kwamba nilianza tena kuvaa mikono mifupi.

Kiboko hakipo kwenye kazi yako. Kanuni za mwaka 2002 zinampa mkuu wa shule mamlaka hayo, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Msaidizi hayumo. Mtu akikwambia "mchape kidogo atanyooka", sema huna ruhusa, na umalize hapo. Mjadala wa kama inafaa au haifai utakuchosha bure.

Muulize mama yake pia kama mtoto amewahi kupata kifafa, maana kwa wenye usonji hutokea zaidi kuliko kwa watoto wengine. Kikimpata darasani: tazama saa, ondoa madawati, weka sweta chini ya kichwa, usimshike kwa nguvu wala kumtia kijiko mdomoni, akitulia mlaze ubavu. Kikizidi dakika tano, hospitali, bila kungoja mtu amalize kuomba.

Kuhusu masomo. Mahali panapojulikana ni Chuo cha Ualimu Patandi, Tengeru, Arusha, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu, na kwa kuwa cheti cha ualimu unacho, huanzi sifuri. Vyuo vikuu vipo pia, ila kabla hujalipa ada yoyote omba ruhusa ukakae siku chache kwenye shule yenye kitengo cha elimu maalumu. Hapo Dar mnayo Uhuru Mchanganyiko, ambapo wasioona, wenye ulemavu wa akili na wasio na ulemavu wanatumia uwanja mmoja, na mnayo Buguruni Viziwi. Tazama mwanafunzi anavyosoma nukta nundu kwa ncha za vidole huku anapiga soga na jirani yake. Tazama darasa zima la viziwi linavyocheka bila mwalimu kujua linacheka nini. Utajua kama moyo wako uko huko, au ulikuwa kwa dogo mmoja tu. Yote mawili ni sawa, lakini ada ni tofauti.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza, ila najua lipo. Nakushauri uifanye kazi yako mpaka isihitajike, na wewe una kodi ya kulipa. Wasaidizi wengi wanagandana na mtoto kwa sababu hiyo, hata wasipoisema, na siwalaumu. Dawa ninayoijua ni kulisema mapema. Kwenye ule ukurasa mmoja andikeni kwamba muhula unaoanza Julai, dogo akiweza vipindi vya asubuhi peke yake, shule ikuchukue nusu siku kama msaidizi wa darasa zima, na wazazi walipie nusu iliyobaki. Shule nyingine zinakubali, maana mpaka Julai mwalimu wa darasa atakuwa ameshaonja utamu wa mtu wa kusahihisha hesabu. Nyingine hazikubali. Ikiwa yenu ni ya hizo, ni heri ujue Machi kuliko Novemba.

Jumatatu anza na kiti tu. Mkono uuache ulivyo kwa wiki ya kwanza, na kadi ya maji ingoje wiki ya pili. Ukibadilisha vitu viwili siku moja, akilia hutajua kipi kimemliza.